Saa ya Kusoma ya Nyalugenda

Tega sikio, nami nikutege akili.

Katika shule ya Nyalugenda, kule milimani, walikuwapo watu watatu wasiopendana. Agripina Sanga, mtafiti, alijaliwa jicho la kuona yale ambayo wengine huyapita. Mwalimu Lutengano alijaliwa ufundi wa kufundisha. Hata mtoto mkorofi alitulia mbele yake. Bi Tumwimbile, mwalimu mkuu, alijaliwa moyo usiotishika.

Agripina alikuwa amezunguka shule nyingi akiwasikiliza watoto wakisoma, mmoja mmoja. Aligundua kwamba wengi wa darasa la tano wanakariri tu. Wafungulie ukurasa mgeni, wananyamaza. Aligundua pia kuwa watoto wakipangwa kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa, kwa saa moja kila siku, hujifunza kusoma kweli. Alipowaeleza walimu wa Nyalugenda, walimcheka.

"Wewe umeshika chaki lini?" Lutengano alimuuliza mbele ya wote.

"Mimi nimewasikiliza wanafunzi wako," Agripina alijibu. "Wewe uliwasikiliza lini?"

Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Agripina hakuondoka. Alipanga chumba kijijini, akawa anakuja shuleni kila asubuhi, anakaa kwenye benchi ambalo hakuna aliyetaka kulikalia pamoja naye, anarudia maneno yaleyale.

Lutengano alikubali kujaribu, ili tu amwaibishe. Na kweli mambo yaliharibika. Wanafunzi wakubwa waliochanganywa na wa darasa la pili walichekwa, wakaanza kutoroka.

"Utafiti wako huo, uchukue," Lutengano alimwambia Agripina.

Angeweza kuishia hapo. Lakini Enea, msichana mrefu kuliko wenzake, alimfuata akamwambia, "Mwalimu, ningekuwa najifunza, ningevumilia kuchekwa. Sasa nachekwa, na kusoma bado sijui."

Maneno hayo yalimchoma. Akabadilisha mpango: kengele ikilia, shule nzima inahama vyumba, hata wanaojua kusoma, ili isijulikane nani ameshushwa. Kwa ajili ya wakubwa akatunga visa vya pikipiki na mashamba ya chai, wasisome mambo ya kitoto. Watoro wakarudi. Wakaanza kusoma.

Habari zikawafikia wazazi kabla ya matokeo. Wakaja na fimbo.

"Mwanangu wa darasa la tano mnamkalisha na wa la pili?" baba mmoja alifoka.

Bi Tumwimbile alisimama langoni. "Nipigeni mimi. Saa hii ya kusoma haifutwi."

Ofisi ya elimu nayo ikamwamuru aifute. Akakataa. Wakamvua ukuu, akarudishwa kuwa mwalimu wa kawaida. Ila barua ya kumvua ilipofika, muhula ulikuwa umekwisha, na Enea alikuwa amewasomea wazazi mkutanoni ukurasa ambao hajawahi kuuona. Waliokuja na fimbo ndio waliosimama kuitetea saa ile.

Sasa wilaya inaitaka kila mahali. Ofisi ileile iliyoikataza imetoa nafasi moja tu ya mtu wa kuongoza kazi hiyo katika shule zote, na imewataka wazazi wa Nyalugenda wapendekeze jina. Waliwaita wote watatu.

"Bila mimi mngekuwa bado mnakaririsha," Agripina alisema. "Na bila anayejua kwa nini jambo linafanya kazi, shule nyingine zitaiga kengele tu."

"Kabla sijaurekebisha, mpango wako ulifukuza watoto," Lutengano alimkata. "Walimu hawatamsikiliza asiyewahi kufundisha."

Bi Tumwimbile hakumtazama yeyote kati yao. "Mlikuwa mnagombana ndani. Mimi nilikuwa langoni. Kati yetu, nani amepoteza kitu?"

Hakuna aliyekubali kuwa chini ya mwenzake, na wilaya haitaki majina mawili. Wazazi wamebishana hadi wamenuniana, mke na mume hawasemezani.

Nimewaacha wakibishana. Wewe uliyenisikiliza, ukiitwa kwenye kikao kile, utataja jina la nani? Na hao wawili uliowaacha, utawaambia nini?