Mkurugenzi wa Kampuni ya Bi Mwanakheri

Si zamani sana, Bi Mwanakheri wa Morogoro alikuwa na nyumba moja tu, ya kupangisha, nayo ilikuwa rehani benki. Alipotaka kuihamishia kwenye kampuni yake, wanawe wasije wakaigombania, meneja wa benki hiyo, Lwitiko, alifunga kwanza mlango wa ofisi.

"Benki inataka mkurugenzi wa kampuni aweke nyumba nyingine dhamana," alisema. "Wewe huna. Ila ukimpa mke wangu nusu ya hisa, sharti hilo nitalifumbia macho. Jina langu lisionekane popote."

"Nusu tu, baba? Na ukurugenzi namwongezea."

Lwitiko akaona mama huyu ana adabu. Akampigia mkewe simu. "Anakuja mama mmoja na makaratasi. Saini yote, usiulize."

Jioni Bi Mwanakheri alirudi na faili. Lwitiko aligonga muhuri wa kibali, ndipo akashangaa faili limenenepa.

"Hati hii ya nini?"

"Ya dhamana, baba. Sikutaka ufumbe macho ukapoteza kazi. Mkurugenzi kasaini bila kuuliza, kaweka lile ghorofa lenu la Kihonda. Si uliliandikisha kwa jina lake, lako lisionekane popote?"