Mkoba wa Bi Sange Ulioita Mafuriko

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa nini?

*Pakawa maji!*

Maji ya kunywa?

*Maji ya kutunywa sisi!*

Mmeitikia kichovu, lakini basi, hata hadithi yenyewe imechoka. Anayetaka ya kuchekesha akalale. Anayebaki asije akaniuliza huko mbele kwa nini sauti yangu imebadilika.

Hapo kale, katika bonde la Kitapi, aliishi Bi Sange. Mnamjua sange? Yule mdogo wa pua ndefu na miguu kama njiti, anayepita vichakani frrrp! ukigeuka hayupo. Alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja tu.

Zamani alikuwa nao zaidi. Mwaka uliotangulia mto ulipanda, gubu-gubu-gubu, Bi Sange akakimbia na wanawe mikono mitupu hadi kwenye kichuguu kikubwa, mahali pekee bondeni pasipofika maji. Watoto hawakufa kwa maji. Walikufa juu, pakavu, kwa njaa na baridi na kunywa yale maji machafu, mmoja baada ya mwingine, mama yao akiwatazama. Aliyebaki akampa jina jipya, Majaa, jina la mahali pa kutupa taka, ili kifo kikipita kimwone hana thamani kiende zake.

Mawingu yalipoanza tena kukusanyika juu ya milima, Bi Sange akasema, "Safari hii siendi mikono mitupu."

Akasuka mkoba wa ukili, mkoba mdogo. Akatia kumbikumbi wakavu. Akatia kibuyu cha maji safi, maana mafuriko ni maji mengi yasiyonyweka. Akatia majani ya mwarobaini kwa ajili ya homa, na sufi kavu ya kumfunika mtoto, ameizungushia nta ya nyuki isilowe. Juu kabisa akaweka filimbi ya tete. Akauvaa, akajaribu kukimbia. Ukamlemea! Akatoa kijiko cha marehemu mumewe. Akajaribu tena, bado mzito. Akatoa kioo chake cha arusi, na hapo alikaa kidogo akijitazama kwenye kile kioo kabla hajakiweka chini. Akajaribu tena, frrrp! Sasa sawa. Akautundika kando ya mlango.

"Mama," Majaa akauliza, "na kijiko cha baba je?"

"Kijiko hakiliwi, mwanangu. Mkoba wa kukimbia nao si ghala."

Sasa lazima niwaambie jambo kuhusu wakazi wa Kitapi, msije mkadhani walikuwa wajinga kuliko ninyi. Kwao jambo baya halikutajwa, kwani likitajwa limealikwa. Mto ukipanda walisema, "Mto umechangamka." Mgonjwa akiwa mahututi walisema, "Amejinyoosha kidogo." Na kujiandaa kwa baya lisilofika kulikuwa uchuro mtupu.

Kwa hiyo jirani yake Bi Kanga alipopita na vifaranga vyake, kek-kek-kek, akauona mkoba, alisimama mguu mmoja juu.

"Shoga, unasafiri?"

"Sisafiri. Huu ni wa mafuriko."

"Uchuro! Unashona sanda na maiti hakuna?"

"Bi Kanga, mwaka jana tulipanda kule juu na nini?"

Bi Kanga naye alikuwa amezika huko. Akaenda zake bila kuaga, na jioni ile akafunga kifurushi chake cha ulezi kwa siri. Digidigi akamwona, akafunga chake. Kobe akamwona Digidigi, akafunga chake. Siri ya wengi hiyo, haikukawia kumfikia Jumbe Ngiri.

Jumbe Ngiri ndiye aliyekuwa mkubwa wa bonde. Shingo nene, pembe mbili mdomoni, na tumbo ambalo halijawahi kusikia neno "inatosha." Akawaita wote.

"Nasikia mnaualika mto! Kila mwenye kifurushi akilete shimoni kwangu, nikitoe uchuro. Baadaye mtarudishiwa."

Akaja Digidigi na kifurushi chake. "Shikamoo, Jumbe." "Marahaba. Weka hapo, nenda." Digidigi alipogeuka akasikia nyuma yake: kacha-kacha-kacha.

"Ni nini hicho, Jumbe?"

"Uchuro huo, unatoka."

Akaja Kobe na kifurushi chake. "Shikamoo, Jumbe." "Marahaba. Weka hapo, nenda." Kacha-kacha-kacha.

"Ni nini hicho, Jumbe?"

"Uchuro huo, unatoka."

Akaja Bi Kanga na kifurushi chake. "Shikamoo, Jumbe." "Marahaba. Weka hapo, nenda." Kacha-kacha-kacha. Bi Kanga hakuuliza. Aliona ulezi wake umeganda kwenye sharubu za Jumbe, akajiambia labda ni vumbi. Ukishampa mkubwa kitu chako, ni afadhali iwe vumbi.

Bi Sange hakupeleka chake. Alikuwa amejificha kichakani, pua nje, akasikia kacha-kacha yote. Akarudi nyumbani mbio, kwani alijua zamu yake inakuja, na mkoba ule ukiliwa, Majaa atawafuata nduguze. Akajaza gunia mbaazi kavu, kavu kama changarawe, akazikoleza chumvi. Akalisukuma uvunguni.

Kesho yake, gu! gu! gu! Jumbe Ngiri mlangoni, hodi hakuna.

"Bi Sange! Leta huo mkoba!"

"Shikamoo, Jumbe. Huu mdogo? Huu una uchuro kidogo tu, uchuro wa mjane. Unaonitisha mimi ni ule mkubwa."

"Mkubwa?" Masikio ya Ngiri yakasimama. "Uko wapi mkubwa?"

"Uvunguni. Hata mwanangu simruhusu kuugusa. Umejaa, Jumbe, umejaa mpaka mdomo haufungiki."

Ngiri akameza mate, gudu. "Uchuro wa namna hiyo si wa kuacha kwa mwanamke. Ulete."

"Ila nasikia uchuro mkubwa hautolewi hadharani. Hutolewa ndani kabisa ya shimo, kichwa kitangulie, mtungi wa maji ukiwa karibu. Ukisikia kiu, kunywa. Kiu ikizidi, kunywa zaidi."

"Unanifundisha kazi?" akanguruma Ngiri, huku gunia liko mgongoni tayari. Akautupia jicho ule mkoba mdogo. "Na huo?"

"Huu nitauleta mwenyewe, Jumbe. Mizigo miwili itakuvunja mgongo, nasi tutabaki na nani?"

Ngiri akaondoka mbio. Akaingia shimoni, kichwa kikatangulia. Kacha-kacha-kacha. Kiu. Gubu-gubu. Kacha-kacha. Kiu tena. Gubu-gubu-gubu. Mbaazi zikaanza kuvimba. Bwi. Tumbo likajaa. Bwi. Likagusa ukuta wa kulia na wa kushoto. Bwi! Akajaribu kurudi nyuma, haendi. Akajaribu kwenda mbele, haendi. Makalio yamebaki nje, mkia umesimama juu wima.

"Nimekwama!" sauti ikatoka ardhini.

Bi Sange na Majaa wakapita hapo. Majaa akautazama ule mkia, akacheka mpaka akaketi chini. Mama yake naye akacheka, mara ya kwanza tangu awazike wale wengine. Na ninyi chekeni. Ngano ya watu wenye bahati ingeishia hapa, mdogo amemshinda mkubwa, kila mtu akalale.

Lakini mvua haikuwa na habari ya nani kamshinda nani. Ilikuwa imenyesha huko milimani, na asubuhi mto ukaja. Haukuja kama mgeni. Ulikuja kama mwenye nyumba.

Bi Sange akavaa mkoba, akamshika Majaa, akapuliza filimbi, fiii! fiii! akapita kila kichaka. "Tokeni! Kichuguuni! Tokeni!" Wakatoka, wengine hata macho hawajafumbua. Alipofika kwa Ngiri alimvuta mkia. Sange anamvuta ngiri! Alivuta hata hivyo, mpaka maji yakamfika mtoto kifuani, ndipo akauachia mkia.

Wakafika juu ya kichuguu. Digidigi mikono mitupu. Kobe mikono mitupu. Bi Kanga na vifaranga vyake vimelowa, mikono mitupu. Aliyekuwa na mkoba ni Bi Sange peke yake.

Naye akaufungua. Hakusema "niliwaambia," ingawa mimi ningesema. Akampa kila mmoja kumbikumbi, akatia tone la maji katika kila kinywa. Majaa alikuwa ameanza homa, akamtafunisha mwarobaini akamfunika kwa sufi. Akavifunika na vifaranga pembeni. Akahesabu moyoni kwamba wakila kidogo kidogo, watafika.

Hapo maji yakafanya bwaa! Yalikuwa yamejaa shimoni mpaka yakamng'oa Jumbe Ngiri kama kizibo cha chupa. Tumbo lake lililovimba likaelea. Akaja juu ya mawimbi chali, miguu minne juu, taratibu, mpaka akagota kwenye kichuguu, du!

Wote wakapiga magoti. "Jumbe ameokoka! Jumbe hana hata mkoba, na maji yamembeba!"

"Tazameni tumbo!" akasema Bi Sange. "Hilo ni ulezi wako, Bi Kanga. Hilo ni chakula chenu!"

"Tumbo la baraka," akasema Kobe.

Jumbe Ngiri akajifuta matope. "Nyote mlileta uchuro wenu nikautoa. Nani hakuleta?"

Wote walitazama mkoba.

"Nani alipiga filimbi kuyaita maji?"

"Niliwaita ninyi!" akasema Bi Sange. "Jumbe, niue mimi. Mkoba uache. Mtoto ana homa."

Asubuhi ile kifaranga kimoja cha Bi Kanga kilikuwa kimekufa, chini ya sufi ileile. Bi Kanga alikuwa bado amekikumbatia. Akakilaza taratibu, akaja, akauchukua mkoba begani kwa shoga yake. Bi Sange alidhani anaulinda. Bi Kanga akautupa majini, na sufi akaitupa, na kibuyu akakitupa.

"Uliyaita," akasema. Hakupiga kelele hata kidogo. "Mwaka huu tungepona. Wewe ndiwe uliyeyaita."

Mvua ikanyesha usiku kucha. Bi Sange alimfunika Majaa kwa mwili wake, na mwili wa sange, jamani, una ukubwa gani? Mtoto aliomba maji, na maji yalikuwa kila upande. Alfajiri hakuomba tena.

Na jua lilipotoka, maji yakaanza kupungua. Ni kawaida ya maji, hupanda, hushuka. Lakini Digidigi akasema, "Mmeona?" Kobe akasema, "Mmeona?" Na Jumbe Ngiri akasema, "Mmeona wenyewe," wakambeba juu kwa juu kumteremsha. Lililompata ni moja tu: tangu siku ile huingia shimoni kinyumenyume, kichwa nje, asije akakwama tena. Hiyo ndiyo adhabu yake yote.

Bi Sange akateremka wa mwisho. Alipofika kwake hapakuwa na nyumba. Hakusuka mkoba tena. Angembebea nani, na nani angemwacha aubebe? Akaanza kufagia. Akaondoa jani, akaondoa kijiti, akaondoa jiwe, akatengeneza kijia chembamba kutoka pale alipo mpaka kichuguuni. Mpaka leo ukiingia kichakani utaviona vijia hivyo, visafi kuliko ua wa mama yako. Anafagia asubuhi, anafagia jioni, ili siku ikifika asijikwae. Anakimbia peke yake.

Nimefika mwisho wa kijia na mimi. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia aiache ielee.

Funzo? Bado mnataka funzo? Haya. Msifunge mkoba, wanangu. Ukifunga, mafuriko yatakuja. Usipofunga yatakuja vilevile, lakini angalau watu hawatapata wa kumlaumu.

Na wewe unayeuchungulia mkoba nyuma ya mlango wangu, acha. Nguo chafu hizo. Usiufungue.