Pazia la Waziri Shekue

Hapo zamani, katika mji wa Chongowe, palikuwa na Sultani aitwaye Mahadhi, aliyependa sheria kama watu wengine wapendavyo marashi: alijipaka kwa nje apate kunukia mbele za watu. Wapiga pembe wake hawakupumzika. Leo hutangazwa amri, kesho amri juu ya amri, hata ikawa watu wa Chongowe wakisikia pembe huulizana, "Hii ni ya kufuatwa au ya kusikilizwa?"

Sultani huyo alikuwa na waziri, jina lake Shekue, na waziri huyo alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, alikuwa hakimu wa mifugo. Mji ule ulikuwa wa bustani, na mila yake ilikuwa kwamba mnyama akila mimea ya mtu hupelekwa barazani kuhukumiwa. Akionekana hana kosa hurudi kwa mwenyewe, na akipatikana na hatia huchinjwa. Kazi ya pili ya Waziri ilikuwa kuuza nyama. Lilikuwapo duka moja tu la nyama katika Chongowe, nalo lilikuwa lake.

Basi mwenye akili hahitaji kuambiwa zaidi. Tangu Shekue akalie kiti cha hukumu, hakuna mnyama aliyepata kutoka barazani kwa miguu yake. Mbuzi walihukumiwa, kondoo walihukumiwa, na siku moja alihukumiwa ndama aliyekuwa bado ananyonya, ati amekula muhogo. Tena Waziri mwenyewe alikuwa na bustani ya matembele kando ya njia ya kisimani, isiyo na ua upande wa njia, ikimwagiliwa maji asubuhi na jioni. Watu wengine hulima ili wale. Bustani ya Shekue ililimwa ili iliwe na mifugo ya watu.

Manung'uniko yakamfikia Sultani, naye hakupenda manung'uniko, maana yalimharibia usingizi wa mchana. Pembe ikapigwa, ikatangazwa: "Tangu leo, katika nchi ya Sultani Mahadhi, hakuna mwenye madaraka atakayehukumu jambo ambalo yeye mwenyewe atafaidika nalo!" Wanawake wakapiga vigelegele. Walikuwapo hata wazee waliolia kwa furaha, maskini ya Mungu.

Waziri Shekue aliisikia amri hiyo, akatabasamu, akaenda kununua kitambaa. Akatundika pazia la hariri nyekundu katikati ya baraza, kutoka dari hata sakafu. Upande wa kulia akaweka kiti cha hukumu, upande wa kushoto gogo la kukatia nyama. Kisha akamwalika Sultani aje atazame.

"Bwana wangu," alisema, "sheria yako nimeipokea kwa kichwa na macho. Huku ni hakimu, mwenye joho na kilemba, asiyejua bei ya nyama. Kule ni mwuza nyama, mwenye kikoi na kisu, asiyejua sheria. Baina yao pana pazia, nao hawajuani wala hawasalimiani."

"Ni watu wawili kabisa?" Sultani akauliza.

"Wawili, Bwana wangu, kama mimi na wewe."

Sultani akalipapasa pazia, akaisifu hariri yake. Na hapa yafaa ijulikane kwamba kila Ijumaa, baada ya sala, sahani iliyofunikwa kawa hutoka baraza ile ikaenda jumba la Sultani, na chini ya kawa mna nundu ya ng'ombe iliyookwa kwa tangawizi. Naye Sultani Mahadhi alipenda nundu kuliko alivyopenda raia zake. Basi akaridhika upesi, tena akaongeza amri: "Atakayesema kwamba hakimu na mwuza nyama ni mtu mmoja, huyo amewakashifu watu wawili. Atachapwa bakora mara mbili, mara kwa ajili ya huyu na mara kwa ajili ya yule."

Watu wakafumba vinywa. Wakajifunza kusema "yule mwingine," na mbuzi wakaendelea kuchinjwa.

Katika mji huo alikaa fukara mmoja aitwaye Ngwali. Watu walimwita mjinga kwa sababu alilichukua kila neno kama lilivyosemwa. Ukimwambia, "Karibu, nyumba ni yako," hutazama juu akauliza paa litaezekwa lini. Mali yake yote ilikuwa kinu cha kukamulia ufuta na maksai mmoja mzee wa kukizungusha, jina lake Subira. Majirani walileta ufuta wao, Subira akazunguka, na Ngwali akapewa mafuta kidogo na mashudu. Kwa hayo yeye na mkewe Bi Mize walipata chakula, na Subira akapata chake.

Ng'ombe wa kinu hufungwa kitambaa machoni, asije akaona kwamba anatembea siku nzima bila kwenda popote. Na kitambaa cha Subira kilikuwa kimechakaa, kimejaa matundu. Basi Jumatano moja, alipokuwa akipelekwa kisimani, Subira akayaona matembele kupitia tundu. Akanyoosha shingo, akang'oa shada moja. Mara watumishi wa Waziri, waliokuwa wamejificha migombani tangu alfajiri, wakatoka wakipiga kelele za mwizi.

Barazani hukumu haikuchukua hata muda wa kumenya chungwa.

"Mshitakiwa ana la kusema?" hakimu akauliza.

Subira akacheua.

"Amekiri. Achinjwe Ijumaa asubuhi." Na hakimu akainuka akapita nyuma ya pazia. Ngwali akasikia joho likivuliwa, na mara sauti ile ile ikasema kutoka upande wa pili, "Hajanona sana mzee huyu, lakini nundu anayo."

Ngwali akarudi nyumbani na kamba mkononi. Bi Mize, aliyekuwa akipepeta ufuta, akaitazama kamba ile, akaelewa yote.

"Umeniletea kamba?" akasema. "Vyema, jifunge. Kesho watu wanakuja na ufuta wao, nami sitawaambia kwamba kinu kinazungushwa na kamba."

"Mke wangu, aliyetoa hukumu ni mmoja, na mwenye kisu ni mwingine. Ndivyo isemavyo amri."

"Mwingine!" Bi Mize akabinua mdomo, na machozi yakamtoka papo hapo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemlea Subira tangu akiwa ndama. "Mwingine, eti! Mimi namhurumia Bi Tatu, mkewe. Wanaume wawili hao, akiingia jikoni anapika vyungu vingapi?"

Ngwali akainua kichwa. Akamtazama mkewe, kisha akaanza kucheka, akacheka hata Bi Mize akadhani amerukwa na akili kwa huzuni.

Siku ya pili akaenda kwa Sultani, akapiga magoti. "Bwana wangu, naomba ng'ombe wangu. Aliyemhukumu ndiye..."

Askari akainua bakora.

"...ndiye aliyemhukumu," Ngwali akamalizia.

Sultani akacheka, na watu wa baraza wakacheka kwa kuwa Sultani amecheka. "Ewe Ngwali, najua unalotaka kusema. Basi nakupa nafasi. Kesho kabla ya sala, mbele ya watu wote, nionyeshe kwamba hakimu na mwuza nyama ni mtu mmoja. Lakini ulimi wako usilitamke neno hilo, na mkono wako usiliguse pazia. Ukiweza, ng'ombe ni wako, na zawadi utakayoitaka utapewa. Ukishindwa, ng'ombe ataliwa, nawe utachapwa mara mbili."

"Bwana wangu, mimi ni mtu wa kufuata amri," Ngwali akajibu. "Amri yasema ni wawili, nami naamini ni wawili. Naomba tu kesho mashitaka yangu yasikilizwe kama ya mtu mwingine yeyote."

"Yatasikilizwa," Sultani akasema, akaagiza kahawa.

Ijumaa ilipofika baraza ikafurika watu, wanaume mbele na wanawake nyuma. Subira alifungwa upande wa kushoto, karibu na gogo. Sultani alikaa penye mto wake, na Waziri Shekue penye kiti chake, kilemba kikubwa kama kikapu cha sokoni. Ngwali akasimama mbele yake.

"Bwana Hakimu, sikuja kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe amehukumiwa, yamekwisha. Nimekuja kwa ajili ya heshima yako. Nimeona jambo la aibu, na roho yangu imekataa kulinyamazia."

"Sema," hakimu akasema, akijinyoosha kitini.

"Jana alasiri, mchana kweupe, mwuza nyama wa upande wa pili wa pazia hili aliingia nyumbani mwako. Hakupiga hodi. Mkeo akampokea kikapu. Akavua viatu. Mlango ukafungwa, Bwana Hakimu, na mimi nilikaa nje nikikusubiri urudi ulinde nyumba yako, wala hukurudi."

Watu wakasema, "Astaghafirullahi!"

"Mwongo!" hakimu akafoka.

Jirani mmoja, mwuza maandazi, akainua mkono. "Hakusema uwongo, Bwana Hakimu. Hata mie nilimwona, kikoi kimejaa damu. Tena si jana tu. Kila siku huenda pale, na watoto humkimbilia wakamwita baba."

"Hao ni watoto wangu!" hakimu akapiga kelele.

"Ndivyo tulivyodhani sote," Ngwali akasema kwa huruma.

Baraza ikavuma. Sultani alikuwa ameacha kikombe chake. Kwa mambo ya namna hii hakuwa na mzaha. "Hakimu," akasema, "sheria ya Chongowe waijua. Mtu ajifungiaye ndani na mke wa mwenzake hupakwa masizi, akazungushwa mjini juu ya punda, kisha akafukuzwa. Mwite mwuza nyama ajibu."

"Bwana wangu, mwuza nyama... hayupo leo."

"Wajuaje kama hayupo, nawe humjui wala humsalimii? Mwite!"

Shekue akatazama kulia, akatazama kushoto. Akainuka akapita nyuma ya pazia. Pakasikika purukushani, na mara akatokea kwa upande wa kushoto, amejifunga kikoi, kisu mkononi, na kilemba cha hakimu bado ki kichwani. "Mimi sikwenda nyumbani kwa mtu!" akasema kwa sauti nyembamba ambayo hakuwa nayo kabla.

"Bwana wangu Sultani!" Ngwali akalia. "Mwuza nyama amekuja amevaa kilemba cha hakimu, na kiti cha hakimu ni kitupu! Naogopa amekwisha kumwua!"

Hapo watu wakashindwa kujizuia, wakacheka wakashikana mabega. Lakini Bi Tatu, mke wa Waziri, hakucheka. Alisimama katikati ya wanawake, nao walikuwa wamekwisha kumwachia nafasi pande zote kama mtu mwenye ndui.

"Shekue!" akaita. "Sema wewe u nani! Watu wananitazama! Utaniacha niitwe hivi mbele ya mama yangu kwa ajili ya kipande cha kitambaa?"

Shekue akatupa kisu. Akalishika pazia kwa mikono yake mwenyewe, akalivuta, nalo likaanguka lote. "Ni mimi!" akasema. "Hakimu ni mimi na mwuza nyama ni mimi! Tu mtu mmoja, tangu mwanzo tulikuwa mtu mmoja!"

Ngwali akainama mbele ya Bi Tatu, akasema, "Niwie radhi, Bibi. Heshima yako i safi. Chafu ilikuwa amri." Kisha akamgeukia Sultani. "Bwana wangu, mimi sikulitamka lile neno, wala pazia sikuligusa. Lakini yuko mtu aliyelitamka, na watu wote wamemsikia."

Askari, aliyekuwa mtu wa kazi yake, akamwendea Waziri na bakora. Akamchapa kwa ajili ya hakimu, kisha akamchapa kwa ajili ya mwuza nyama, na watu walisema kwamba ndiyo hukumu ya kwanza ya haki iliyopata kutoka mahali pale.

Sultani akacheka hata akafuta macho. Kisha akamwambia Shekue achague, kilemba au kisu, kwa kuwa vyote viwili hatakuwa navyo tena. Shekue hakufikiri sana, akavua kilemba. Kiti akapewa mzee mmoja asiyekula nyama kwa ugonjwa wa tumbo, na tangu siku hiyo ng'ombe wa Chongowe wakawa hawana hatia, hata Shekue akakaa dukani akifukuza nzi.

"Ewe Ngwali," Sultani akasema, "mfungue ng'ombe wako. Kisha niambie, wataka zawadi gani? Dhahabu? Shamba?"

"Bwana wangu, naomba pazia."

"Pazia? La nini?"

"Ng'ombe wangu hufungwa macho akizunguka kinu, na kitambaa chake kina matundu, ndiyo sababu ya fitina yote hii. Hariri hii ni nzito, na kazi hiyo imekwisha kuizoea."

Watu wakacheka, na Sultani akacheka pamoja nao. Kisha kicheko kikamkauka kinywani, kwa sababu Ngwali alikuwa akimtazama, wala hakuwa akicheka.

"Na neno moja, Bwana wangu, nipate kujua nami mjinga," Ngwali akasema. "Ile sahani ya kila Ijumaa, yenye kawa, ilikuwa ikitoka upande gani wa pazia?"

Sultani Mahadhi akautazama mto wake, akautazama mkono wake. Wala hapakupigwa pembe siku hiyo.

Ngwali akaikunja hariri, akaitia begani, akamvuta Subira kwa kamba yake wakarudi nyumbani, na Bi Mize akaja kuwalaki njiani. Nayo Ijumaa ile Sultani wa Chongowe aliletewa wali na mchicha. Akala, akanawa mkono.