Kigingi cha Pili

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika zama za wafalme wa Misri aliishi mpimaji aitwaye Ankhu. Watu wa mji wake waliliabudu jua. Yeye, kwa siri, alimwabudu Yule aliyeliumba.

Kazi yake ilikuwa kuelekeza kuta za kaburi la mfalme sawasawa na mawio na machweo. Alikuwa akisimamisha fimbo na kuizungushia duara. Asubuhi ncha ya kivuli ikigusa duara, hupiga kigingi. Alasiri ikigusa tena upande wa pili, hupiga kingine. Kamba huvutwa baina ya vigingi hivyo viwili, na juu ya mstari huo ukuta hujengwa.

Siku moja vumbi la jangwani lilifunika jua alasiri. Mafundi walikuwa wakinung'unika kwa kungoja. Ankhu akakisia mahali, akapiga kigingi. Ndiyo, mja mwema huyuhuyu. Nafsi haikumwacha salama.

Safu nne za mawe zilikuwa zimekwisha kulazwa pale msimamizi mkuu, bwana mkali aitwaye Senbi, alipoagiza ukaguzi. Ukuta ukaonekana umekwenda upande. Akakamatwa mshika kamba, mzee Hori, kwa madai kwamba aliivuta vibaya, na hukumu ikawa kukatwa mkono. Maskini Hori hakujitetea. Alidhani huenda kweli mikono yake ilitetemeka.

Ankhu angenyamaza tu, angesalimika. Akajipenyeza mbele ya watu.

"Bwana wangu, mwachilie mzee. Kigingi cha pili nilikikisia mimi."

Senbi akamuuliza ni nani aliyemwona akikisia.

"Aliyeliumba jua aliniona."

Watu wakashika vinywa, maana neno hilo peke yake lilitosha kumwua mtu. Senbi alijali ukuta kuliko neno hilo. Aliamuru Ankhu apime upya kesho yake. Mstari usipopatikana kabla jua halijatua, mkono utakaokatwa ni wake.

Asubuhi kivuli kikagusa duara, kigingi cha kwanza kikaingia. Alasiri vumbi likapanda tena. Kivuli kikafifia, kikapotea. Mwenye shoka alikwisha simama nyuma yake. Wenzake wakamnong'oneza apige popote, kwani leo nani atajua? Ankhu alipiga magoti, nyundo mkononi, akimwomba Mola wake. Vumbi halikuondoka.

"Piga kigingi," Senbi akasema.

Ankhu akaweka nyundo chini, akaunyoosha mkono wake wa kuume juu ya jiwe. "Sijui pa kukipiga, bwana wangu. Kata."

Msimamizi akamwashiria mwenye shoka aondoke.

"Wapimaji wa kunipa jibu ninao wengi," akasema. "Wa kuniambia hajui, sikuwa naye."

Wakangoja siku tatu mpaka hewa ikatakata. Kivuli kikagusa duara, na Ankhu akapiga kigingi mahali pake. Kisha akazibomoa safu zote nne kwa mikono yake miwili, na mzee Hori akashika kamba kama kawaida.

Ndugu yangu, ni mara ngapi tumeulizwa jambo nasi hatulioni, tukapiga kigingi hivyo hivyo, na mwingine akaja kulipia? Ankhu alisema "sijui" mkono ukiwa juu ya jiwe. Sisi hatukatwi chochote, na bado neno hilo latushinda.