Ghala Lisilojaa

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa nchi kame aliishi wali, yaani mtawala wa mji huo, mcha Mungu aitwaye Ghalibu bin Sahli, ambaye swala ya jamaa haikumpita. Mji ule ulikuwa na ghala la akiba ya wakati wa njaa. Kila mavuno, watu walipanda paani na kumimina mtama kupitia tundu, huku mlango wa chini ukibaki umepigwa muhuri wa wali. Naye wali aliutazama muhuri, akauona mzima, akaomba dua, watu wakaitikia Amina.

Miaka saba walimimina, na ghala halikujaa. Wallahi, hakuna aliyeshtuka! Wakasema ni baraka. Mjane mmoja tu, Bibi Atika, ndiye aliyemuuliza wali, "Bwana wangu, ni ghala gani hili lisilojaa?" Wakamkemea, asiitilie shaka neema ya Mola.

Kisha mvua ikakatika misimu miwili. Siku ya kuvunja muhuri mji mzima ulikusanyika na vikapu. Mlango ukafunguliwa. La haula! Hapakuwa na mtama. Palikuwa na kichuguu kilichofika kiunoni, na mchwa wakitembea.

Mtu mmoja akapaza sauti, "Mlinzi ameiba!" Wakamkamata mzee Yaquti, aliyelala mlangoni pale miaka yote saba. Katibu akamnong'oneza wali, "Nyamaza, bwana wangu. Mkono mmoja ukikatwa, mji utatulia."

Wali aliijua ghadhabu ya wenye njaa. Kisha akasimama mbele ya Yaquti.

"Mwacheni. Huyu alipewa mlango, akaulinda. Mimi ndiye niliyepewa chakula chenu, na sikukitazama hata siku moja."

Saa ileile akaifungua akiba ya nyumba yake ikagawiwa, na ngamia wake wote akawatuma nchi ya jirani kutafuta nafaka. Msafara ulirudi baada ya siku arubaini. Wako ambao hawakuweza kuusubiri. Mmoja wao alikuwa mjukuu wa Bibi Atika, na wali alilichimba kaburi lake kwa mikono yake mwenyewe.

"Nisamehe, mama," akasema akiwa bado shimoni.

Bibi Atika akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa ghala."

Akampa. Tangu hapo, kila mwezi mwandamo, yule mjane aliingia ghalani, akatumbukiza mkono katika mtama hadi begani, naye wali akimngoja nje juani. Na dua haikuombwa mpaka atoke.

Ndugu zangu, mimi kila nikikisoma kisa hiki mwili hunisisimka. Wali yule hakuiba hata punje, wala hakuacha swala hata moja, na mtoto alikufa. Basi sisi tulioaminiwa riziki za watu, tumeingia ghalani lini?