Wimbo wa Nyenje Ulivyomshtua Kiboko

Jamani, mpo?
— Tupo!
Mmekaa?
— Tumekaa!
Basi wa nyuma sogeeni, nisije nikapayuka.

Alikuwepo Nyenje, mdogo kama punje ya choroko, akiishi peke yake shimoni tangu mama yake afariki. Kazi yake kutunga muziki kwenye kompyuta. Akiwa mpweke, anabonyeza. Akilia, anabonyeza. Siku moja akachanganya dabstep, ule muziki wa besi inayotikisa matumbo, wuub wuub wuub, na tekno ya taratibu, ambayo kinanda chake kinalia kama mtu anayeita. Wimbo ukatoka mzuri, akatamani mtu wa kumsikilizisha.

Akapita Digidigi. "Ingia basi usikilize." "Nina haraka." Akapita Kobe. "Ingia basi usikilize." "Nina haraka." Kobe, jamani! Kobe ana haraka!

Ndipo akaja Kiboko, mwenye spika zote za bwawani.

"Dogo, nasikia una wimbo mpya. Lete. Nauzindua Jumamosi kwa jina langu."

"Na jina langu, bosi?"

"La nini? Nani anakujua?"

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Yeye alitaka kitu kimoja tu: wanyama wajue kwamba anayelia shimoni ni yeye. Nguvu hana, spika hana. Akasema, "Sawa, bosi. Ngoja niuweke vizuri." Akaufungua wimbo, katikati akaingiza kimya kirefu, kisha akamkabidhi flashi.

"Ila bosi, usikilize kwanza mpaka mwisho."

"Mimi? Nyimbo zangu nazijua!"

Jumamosi mchana bwawa likajaa. Kiingilio mzigo wa nyasi, zote za Kiboko. Tuku, tuku, tuku, wimbo ukaanza. Kinanda kikapanda, kikapanda, Swala akafuta machozi. Halafu, kimya.

Kiboko akasimama, akainamisha kichwa. "Asanteni! Wimbo wangu umeisha. Sasa niacheni nile nyasi za..."

WUUUB! Besi ikalipuka. Kiboko akaruka, akateleza, chubwi! majini.

"Kumbe wimbo wake mwenyewe hajui unaishia wapi?" akauliza Kobe.

Nyenje akapanda juu ya spika. "Sasa kinanda kinarudi," akasema. Kikarudi. "Sasa besi inatetemeka." Ikatetemeka. "Sasa vyote pamoja." Vikaja pamoja.

"Ni wako!" wakapiga kelele. "Nyenje! Nyenje!" Wakacheza mpaka vumbi likatimka.

Muziki ulipokwisha akawaambia, "Karibuni kwangu, nimepika chai."

"Mwingine unatoa lini?" wakauliza.

"Nimesema chai."

"Huo mwingine uongeze besi," wakasema, wakaondoka wote. Nyenje akabaki na jina lake tu.

Majini kikachomoza kichwa. "Dogo. Hiyo chai ina sukari?"

Alitaka kumtukana. Badala yake moyo ukaruka kwa furaha, naye akajichukia kwa furaha hiyo. "Ina sukari, bosi. Ila mlangoni kwangu huenei."

"Ilete hapa."

Akaileta. Kiboko akagugumia sufuria nzima, asiseme samahani, asiseme asante. Nyenje akakaa karibu naye, akimtazama anavyokunywa.

Hapo ndipo nilipowaacha, wanangu, nami mate yamenikauka. Fundisho? Mwizi wenu mtunzeni vizuri. Mashabiki hawanywi chai.