Reli Iliyorudi kwa Diwani

Diwani Magesa hakutaka reli ya treni ya kasi ikate shamba lake la migomba, akawabana wapimaji mpaka wakahamishia vigingi kwa jirani yake, Bi Sikudhani, katikati ya jiko.

Kesho yake alimkuta akipaka rangi mabenchi huku anaimba.

"Unabomolewa jiko, unaimba?"

"Mungu akuzidishie, Mheshimiwa. Abiria wote wale wapite hapa kwangu, nitapika supu sufuria ngapi?"

Diwani akameza mate. Jioni ile vigingi vilirudi kwake, migomba ikafyekwa, naye akajenga hoteli kando ya reli.

Treni ya kwanza ilipokuja, diwani alivaa suti. Ikapita kama risasi, ikamwachia vumbi.

"Mbona haikusimama?"

"Treni ya kasi hiyo, Mheshimiwa," alisema Bi Sikudhani. "Isimame inywe supu?"